Mwalimu wa muziki, kabla ya kununua bando msikilize nyanya

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi wanafunzi kote nchini husimama wima, bendera ikapanda, wimbo wa taifa ukaimbwa. Umeuimba tangu chekechea. Lakini kama wewe ni mwalimu kijana wa muziki kule Idsowe, au shule yoyote kandokando ya Mto Tana kuanzia Garsen kushuka delta, kuna neno moja unalofaa kuwaambia watoto kabla hawajaingia darasani: tuni hiyo ilitoka hapa kwenu.

Naam, hapa hapa mtoni. Mwaka wa 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza tuni kutoka Ulaya. Walichukua bembelezi ya Wapokomo, wimbo ambao akina mama wa Mto Tana waliwaimbia watoto wapate usingizi, wakaupa maneno mapya na kuupangia sauti. Mzee Meza Galana, Mpokomo, ndiye anayetajwa kuwa aliyewapa wimbo huo.

Sasa njoo darasani leo. Mtaala wa umilisi umeuweka muziki ndani ya somo la Sanaa Bunifu, na katika sekondari ya juu kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo. Unaambiwa utumie teknolojia. Basi unafungua simu, unatafuta vifaa vya kufundishia muziki mtandaoni, na vinakumiminikia: piano za kubofya, gitaa za kubofya, ngoma za bendi za kubofya. Ngoma za babu za kijijini hazimo. Bembelezi ya nyanya haimo.

Hakuna atakayemwambia mtoto kwamba muziki wa kwao si muziki. Ataliona mwenyewe kwenye kioo cha simu yako. Hapo ndipo kuna hatari, na pia hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Piga hesabu ya bando kwanza

Tuwe wakweli. Ukiwa Nairobi mtu atakushauri uwaonyeshe watoto video. Ukiwa delta unajiuliza maswali mengine: bando limebaki kiasi gani? Simu ina chaji? Mtandao utashika darasani ama ni mpaka utoke nje chini ya mwembe?

Kwa hivyo vigawe vifaa mara mbili. Kuna vinavyohitaji intaneti kila unapovitumia, na kuna vile unavyopakua mara moja tu, ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha vikafanya kazi hata mnara ukizimika. Jenga somo lako juu ya hivi vya pili. Vile vya kwanza viwe kama sukari kwenye chai: vikiwepo vizuri, vikikosekana chai itanyweka.

Na kumbuka sauti ni nyepesi kuliko video. Dakika moja ya wimbo katika faili ya MP3 ya kawaida ni kama MB 1 hivi. Nyimbo kumi za dakika tatu tatu ni MB 30. Hizo zinaingia kwenye kadi ndogo ya simu na nafasi ikabaki, na unaweza kumrushia mwalimu mwenzako kwa Bluetooth bila kutumia hata senti ya bando.

Kifaa cha kwanza unacho tayari

Karibu kila simu ya kisasa ina kinasa sauti. Hakihitaji intaneti, hakihitaji akaunti, hakiulizi nywila. Wape wanafunzi kazi moja ya nyumbani: waulize nyanya, mama, shangazi au jirani, "Uliimbiwa wimbo gani ukiwa mtoto?" Mtoto asiye na simu nyumbani ajifunze wimbo kwa kichwa, aje aurudie shuleni. Ndivyo nyimbo hizi zilivyosafiri miaka yote.

Kisha mwombe mama mmoja au wawili waje shuleni, ama wewe uwaendee. Ukirekodi, shika mambo matatu. Weka simu juu ya kitu laini, kama leso iliyokunjwa, karibu na mdomo wa mwimbaji lakini isiguswe. Acha sekunde tano za kimya kabla hajaanza. Nitakuambia sababu yake hivi punde. Na baada ya wimbo usizime haraka. Mwulize uliimbwa lini, na nani, na maneno yana maana gani. Majibu hayo ni nusu ya somo.

Usiseme utafanya muhula ujao. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena yale ya Aprili na Mei 2024, yalizitoa familia nyingi za Tana River nyumbani kwao. Familia ikihamia kambini inaokoa watoto, godoro na sufuria. Wimbo uliokuwa ukiimbwa jioni kwenye kibaraza haumo kwenye orodha ya vitu vya kuokoa. Na mzee akifariki, ameondoka nao.

Vifaa vya bure vinavyofaa

Baada ya kurekodi, njoo kwenye kompyuta, hata ikiwa ni ile moja ya ofisini. Programu ya Audacity ni ya bure, na ukishaipakua haidai intaneti. Fungua rekodi yako humo. Zile sekunde tano za kimya zina kazi sasa: unaziteua, programu inasoma kelele za upepo na jenereta zilizomo, kisha inazipunguza katika rekodi nzima. Jogoo aliyewika katikati ya ubeti huyo mwachie tu, hatoki kirahisi.

Faida kubwa zaidi ni hii: Audacity inaweza kupunguza kasi ya wimbo bila kushusha sauti ya mwimbaji. Nyanya akiimba haraka na darasa lishindwe kumfuata, mpunguzie kasi kidogo, watoto washike mstari kwa mstari, kisha umrudishe kwenye mwendo wake.

Ukipata mtandao, jaribu Chrome Music Lab ya Google. Ni tovuti ya bure iliyoanza mwaka wa 2016, inafunguka kwenye simu, kishikwambi au kompyuta, na haiulizi akaunti. Ndani yake mna Song Maker. Utaona vyumba vidogo kama daftari la hesabu: kwenda kulia ni muda, kupanda juu ni sauti kupanda. Ukigusa chumba, kinapata rangi na kulia. Mtoto asiyejua nota hata moja ataona kwa macho wimbo ukipanda kilima na kushuka bondeni.

Hapa kuna siri ndogo. Song Maker huja imepangwa ikigawa kila pigo mara mbili. Nyimbo nyingi za kwetu hutembea kwa tatu. Usipobadilisha, wimbo utatoka mkavu kama gwaride, na mtoto atadhani nyanya ndiye aliyekosea. Ingia kwenye mipangilio, gawa pigo mara tatu, halafu sikiliza tena.

Siri ya pili inahusu wimbo wa taifa wenyewe. Ukiupanga kwa sol-fa utagundua hauketi kwenye do, unaketi kwenye la. Ndiyo maana una ule uzito wa unyenyekevu unaousikia. Song Maker ina ngazi iliyoandikwa Major: itumie, ila chukua la kuwa ndiyo nyumbani. Ukikwama kwa sauti isiyomo, badili uchague Chromatic, ambayo ina sauti zote.

Sasa weka bembelezi mliyorekodi upande mmoja, wimbo wa taifa upande wa pili. Waulize watoto: wapi zinapanda pamoja? Wapi zinaachana? Ipi ina haraka, ipi ina utulivu? Usiwape jibu, waache wabishane. Huenda bembelezi ya kijiji chenu hata si ile iliyotumika mwaka wa 1963. Haidhuru. Mtoto aliyekuwa akisinzia kwenye gwaride amekwisha jua kwamba wimbo wa nchi nzima ulianzia kwenye mapaja ya mama.

Mkimaliza, pakua kazi yenu kutoka Song Maker. Unaweza kuichukua kama sauti ya kusikiliza, au kama faili ya MIDI. Hiyo MIDI inafunguka kwenye MuseScore, programu nyingine ya bure ya kompyuta isiyohitaji intaneti ikishapakuliwa, na wimbo utaonekana umeandikwa kwa nota. Uchapishe, uubandike ukutani. Wimbo wa Idsowe kwa nota, ukutani Idsowe. Watoto wakijifunza filimbi, waanze na huo kabla ya zile nyimbo za vitabuni zinazohusu theluji.

Ila usidanganyike. Vyumba vya Song Maker havijui jinsi sauti ya nyanya inavyoteleza kati ya nota mbili, wala pale anapovuta pumzi ili mtoto afumbe jicho. Mchoro ni ramani tu, safari iko kwenye rekodi. Wakitofautiana, mwamini nyanya.

Wimbo ni wa nani?

Hapa usiharakishe. Ukiwa na rekodi nzuri, vidole vitakuwasha uipandishe mtandaoni upate wafuasi. Subiri kwanza.

Tangu mwaka wa 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Nia yake ni kwamba anayetaka kutumia sanaa ya jamii aombe ruhusa kwa wenyewe, wakiwa wameelezwa itatumika vipi. Bembelezi haina mtunzi mmoja wa kulalamika, lakini ina wenyewe. Basi mweleze mama aliyekuimbia: nataka kuitumia darasani tu, au nataka kuiweka mtandaoni? Hizo ni ruhusa mbili tofauti. Wazee nao watakuambia ni wimbo gani si wa kila sikio. Nao watoto wana sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda data za watu: usirushe sura wala sauti zao bila idhini ya wazazi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Darasa la Tana Delta si la Wapokomo peke yao. Kuna Waorma, kuna Wardei, kuna watoto wa wafanyakazi waliotoka mbali. Kati ya mwaka wa 2012 na mapema 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika delta hii. Watoto unaowafundisha leo huenda hawakuwa wamezaliwa, lakini nyumbani wanasikia. Ukileta wimbo wa upande mmoja tu kila wiki, kuna mtoto atakayekaa kimya nyuma ya darasa na wewe usijue kwa nini.

Kwa hivyo kazi ya nyumbani iwe ya kila mtoto, kwa lugha ya kwao. Bembelezi ina bahati hii: hakuna jamii isiyokuwa nayo. Mama wa mkulima na mama wa mfugaji wote wamewahi kukesha na mtoto anayelia. Ziweke nyimbo hizo mbili kwenye Song Maker, moja juu ya nyingine, waache watoto wenyewe waone zinavyofanana na zinavyotofautiana. Hautakuwa umemaliza ugomvi wa maji na malisho, huo una wenyewe. Lakini darasa litakuwa limesikiliza nyimbo za pande zote mbili ndani ya kipindi kimoja.

Wiki nne zinatosha

Ukitaka mpango, huu hapa. Wiki ya kwanza, watoto waulize nyumbani. Wiki ya pili, mrekodi nyimbo tatu, zisizidi. Wiki ya tatu, msafishe kwa Audacity na mchore kwa Song Maker. Kama mtandao umegoma, choreni vyumba vilevile kwenye daftari la hesabu kwa kalamu za rangi. Kweli, inafanya kazi. Wiki ya nne, waiteni wale akina mama waje wasikilize watoto wakiimba, na mmoja wao awasahihishe mbele ya darasa.

Mwishowe, nakili faili mahali patatu: kwenye simu yako, kwenye kompyuta ya shule, na kwenye kadi ndogo uliyofunga vizuri kwenye nailoni na kuiweka kwa mtu anayeishi mbali na mto. Unajua mwenyewe kwa nini.

Jumatatu ijayo bendera ikipanda, mwangalie yule mtoto wa mstari wa mbele. Kama ameanza kuimba kwa sauti zaidi kidogo, bando lako halikuisha bure.