Usukani wa Pikipiki: Jinsi ya Kuubadili Nyumbani

Wakulima wengi siku hizi wana pikipiki, na asiye nayo humwita jirani aliye nayo. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, chombo hiki kimeingia katika vijiji ambavyo zamani havikujua ila baiskeli na punda. Asubuhi hupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, mchana huleta mbolea na chakula cha ng'ombe, na usiku pengine humpeleka mgonjwa hospitalini. Basi katika ukurasa huu, ambao kwa desturi husema juu ya mifugo na mimea, yafaa leo tuseme juu ya kitu kimoja cha pikipiki ambacho watu wengi hawakijali, nacho ni usukani.

Pikipiki yenye mzigo ikilala ubavu, ncha ya usukani hugusa ardhi mbele ya vitu vingine, na mara nyingi hupinda. Mwenyewe huisimamisha, hulibana gurudumu la mbele kwa magoti, huuvuta usukani kwa nguvu mpaka auone kama umenyoka, kisha huenda zake. Mwingine hafanyi hata hivyo. Huuzoea upinde wake, akaendesha mkono mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, na baada ya miezi michache alalamika ya kuwa bega lamwuma na vidole vyafa ganzi, akidhani ni baridi ya asubuhi.

Ukitaka kujua kwa nini jambo hili si dogo, chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku mahali pale pale. Mara ya kwanza na ya pili hutaona kitu. Endelea, nao utakatika mkononi mwako. Chuma cha usukani ni hivyo hivyo. Ukipinda, ukanyoshwa, ukapinda tena, huchoka kwa ndani, na siku ya kukatika haikupi habari. Kwa hiyo usukubali fundi auchomee kwa moto au kuutia kiraka cha welding. Na kama ni wa aluminiamu, usijaribu kuunyosha hata mara moja. Tazama pia rangi yake ya kung'aa: ikiwa imepasuka nyufa ndogo ndogo mahali ulipopindia, usukani huo umekwisha kazi.

Lakini kabla hujatoa fedha mfukoni, hakikisha ya kuwa mbaya ni usukani wenyewe. Simamisha pikipiki mahali palipo sawa, gurudumu la mbele likitazama mbele. Funga kamba isiyovutika katikati ya mwisho wa kiti, uivute mpaka ncha ya kushoto ya usukani, upige fundo hapo. Kisha peleka kamba ile ile kwenye ncha ya kulia. Fundo likiangukia mahali pake, ni vema. Likipita au lisipofika, kitu kimepinda. Kisha ufungue usukani na kuulaza juu ya meza iliyo sawa. Ukiuona umenyoka, basi ubaya uko katika miguu ya mbele, ambayo imejizungusha ndani ya vibanio vyake pikipiki ilipoanguka. Hapo kununua usukani mpya ni kutupa fedha bure, na kazi hiyo mpelekee fundi.

Sasa tuseme ya kuwa lazima ununue. Muuza spea atakuambia, "Huu waingia pikipiki zote," nawe usimwamini kabla ya kupima. Pikipiki nyingi ndogo tunazotumia mashambani zina usukani wenye unene wa milimita 22, mahali pa kushikia na mahali pa kubania. Kuna mingine yenye milimita 25.4, ambayo ni ya pikipiki kubwa, na mingine iliyonenepeshwa katikati mpaka milimita 28.6 ijapokuwa ncha zake ni 22. Hii ya mwisho ndiyo huwadanganya watu, kwa sababu raba na leva zaingia vizuri, lakini vibanio vya katikati havifungi. Kama huna chombo cha kupimia unene, zungusha uzi mara moja kwenye chuma, kisha uupime kwa rula ya mtoto wa shule. Uzi wa milimita 69 maana yake ni unene wa 22. Uzi wa 80 ni unene wa 25.4, na uzi wa 90 ni unene wa 28.6.

Umbo lake ni jambo la mwili wako na la njia zako. Keti juu ya pikipiki, fumba macho, nyosha mikono bila kujikaza, uone mahali inapoangukia. Hapo ndipo usukani ungekuwa. Mtu mrefu hufurahi ukiinuliwa kidogo. Mwenye kupanda milima kama ile ya Murang'a au Kisii na gunia nyuma hupata nguvu zaidi kwa usukani mpana, lakini apitaye katikati ya mistari ya kahawa au lango jembamba la boma atajuta kuununua. Vijana hupenda ule wa juu sana kama pembe za ng'ombe. Mimi siupendi, wala si kwa sababu ya uzee. Usukani ukizidi ule wa kwanza kwa inchi moja au mbili, mara nyingi kebo za zamani hufika. Ukizidi hapo, yakubidi kununua kebo ndefu za klachi, za mafuta na za breki, na kurefusha nyaya za taa, na bei huwa nyingine kabisa.

Vyombo vya kazi ni vichache: spana za namba 10, 12, 13 na 14, spana za alenki, zile fupi zilizopinda, bisibisi mbili, grisi kidogo na maji ya sabuni. Tandika gunia juu ya tangi ili chuma kisilikwaruze. Piga picha kwa simu yako, kushoto na kulia, ili ukumbuke kila kebo ilipita wapi. Tena toa waya wa betri wenye alama ya kutoa, kwa sababu utazigusa swichi.

Anza na vioo vya pembeni, kisha raba za kushikia. Raba hazitoki kwa kuvutwa. Ingiza bisibisi nyembamba chini yake, tia maji ya sabuni, izungushe, nayo itateleza. Raba ya kulia ina tundu kubwa kuliko ya kushoto, kwa kuwa huvaa juu ya mrija wa mafuta, usizichanganye. Legeza swichi, leva ya klachi na leva ya breki. Ikiwa breki yako ya mbele ni ya diski, kile kikopo cha mafuta ya breki kisipinduliwe wala kuachwa kikining'inia kwa mpira wake. Kifunge kwa kamba kikae wima, la sivyo hewa itaingia na breki itakuwa laini kama sifongo. Mwisho fungua vibanio vya katikati, ukiwa na mtu wa kukushikia.

Katikati ya usukani mpya utaona sehemu mbili zilizochorwa mistari kama tupa. Hizo ndizo zikaazo ndani ya vibanio, ili usizunguke. Weka usukani, ukaze bolti kidogo tu, ukae juu ya pikipiki, uuinamishe mpaka vifundo vya mikono vikae bila kukunjika, kisha ukaze. Vibanio vya pikipiki nyingi vina nukta iliyogongwa upande mmoja. Nukta hiyo hutazama mbele; bolti za mbele hukazwa kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na mwanya mdogo ubakiao nyuma si kosa. Kama hakuna nukta, kaza zote kidogo kidogo kwa zamu, mianya ya mbele na nyuma iwe sawa. Tumia spana fupi kwa nguvu za mkono mmoja. Kuvisha bomba juu ya spana ili ukaze zaidi ni desturi mbaya. Huharibu meno ya bolti, na bolti iliyoharibika hutoka barabarani.

Hapa pana jambo ambalo laharibu kazi za watu wengi. Ndani ya nyumba za swichi huwa pana kijiti kidogo cha plastiki kiingiacho katika tundu la usukani, ili swichi isizunguke. Usukani mpya pengine hauna tundu hilo, na mwenye haraka hukata kijiti kwa kisu. Siku atakapozungusha mafuta kwa nguvu, nyumba yote ya swichi itazunguka pamoja na mkono wake. Toboa tundu badala yake. Kwanza vaa kila kitu, weka alama kwa kalamu, ondoa, pima mara ya pili, kisha toboa tundu dogo la kutosha kijiti tu. Tundu kubwa au matundu matatu ya kubahatisha hudhoofisha chuma.

Mrija wa mafuta utie grisi kidogo sana, lakini ndani ya raba usitie grisi wala oili, maana raba iliyoteleza ni sawa na kukosa raba. Zirudishe kwa maji ya sabuni au gundi yake, uziache zikauke usiku kucha.

Sasa njoo kwenye jaribio ambalo kila mtu hulipita, na bila hilo pikipiki isitoke uani. Geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Kila upande, zungusha mafuta uyaachie. Kishikio kirudi chenyewe kwa haraka. Kisha washa injini, iache ikinguruma polepole katika nyutro, ugeuze tena mpaka mwisho huku na huku. Sauti ya injini ikipanda hata kidogo, kebo imevutika, nawe usiiendeshe. Tazama pia kama dole gumba lapata nafasi kati ya kishikio na tangi.

Namjua kijana mmoja apelekaye maziwa ambaye alivaa usukani wa juu jioni, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa njiani na mitungi miwili. Barabara ilikuwa imenyoka, na kwa kilomita nne hakuona ubaya wowote. Alipokata kona kuingia lango la ushirika, kebo ya mafuta ikavutika, na injini ikapiga kelele pale pale alipotaka kupunguza mwendo. Pikipiki iliruka ikagonga nguzo. Lita 40 za maziwa, na nusu yake ya majirani, zilimwagika, na mfupa wa bega ukamvunjika. Alikaa wiki sita bila kukamua hata ng'ombe wake mwenyewe. Jaribio nililolieleza hapo juu lingemchukua dakika moja.

Baada ya jaribio hilo rekebisha leva. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya leva ya klachi hucheza milimita 10 mpaka 20 kabla ya kushika. Breki ya mbele ya kebo, 20 mpaka 30. Na kishikio cha mafuta, 2 mpaka 6. Kijitabu kilichokuja na pikipiki yako kikisema vingine, kifuate hicho. Rudisha waya wa betri, jaribu honi, indiketa na taa ya breki kwa kila leva.

Juu ya mapambo nitasema machache. Mifuko ya mikono ya kuzuia baridi ni kitu kizuri sana kwa watu wa Kinangop, Limuru na Molo, mradi isibane leva wala isikuzuie kutoa mkono upesi. Kishikio cha simu hakina neno. Mwavuli mkubwa uliofungwa kwenye usukani mimi siukubali, kwa sababu upepo wa lori lipitalo huushika kama tanga la jahazi, na usukani hugeuka bila ruhusa yako. Na ule mtungi wa lita tano uning'inizwao kwenye leva ya klachi, au mfuko wa unga kwenye kioo, uweke nyuma penye mizigo mingine.

Endesha siku mbili au tatu karibu na nyumbani bila mzigo, kisha ushike spana tena uzijaribu bolti zote za vibanio, maana chuma kipya hukaa sawa baada ya kutikiswa. Usukani wa zamani usiuache ukutani, kwa kuwa mtu atauomba, nawe utaona haya kumnyima. Ukate katikati kwa msumeno wa chuma. Zile sehemu zilizonyoka, zikipondwa ncha kwa nyundo, ni vigingi vizuri vya kumfungia ndama.