Je, Wajua? Malengo ya Dunia Mlangoni pa Mji wa Kale

Wajua kwamba yale Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyobandikwa ukutani shuleni yana mkono wa Mkenya? Balozi Macharia Kamau, pamoja na Csaba Kőrösi wa Hungaria, aliongoza kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichoyaandaa kabla hayajapitishwa Septemba 2015. Basi tusiambiwe ni mambo ya wageni.

Wajua lengo la 14 ni bahari? Kijana wa Kibokoni, Mombasa, hahitaji chati. Ateremke Bandari ya Kale bahari ikipwa, ajionee plastiki.

Wajua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, faini ikifika shilingi milioni 4? Chupa hazikuguswa. Bado zaelea.

Wajua mafundi wa Lamu waliunda jahazi, Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu 30,000? Mapema 2019 lilisafiri hadi Unguja, likatia nanga Mombasa njiani.

Wajua tuta la Makupa lilitenganisha maji ya Tudor na ya Port Reitz kwa miongo mingi, hadi daraja jipya lilipofunguliwa 2022? Somo la jiografia hilo, nawe umeketi ndani ya matatu.

Wajua wanakijiji wa Gazi, Kwale, ng'ambo ya Likoni, huuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao? Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza 2013. Mapato yake yamenunua vitabu vya shule na kuleta maji.

Na hili, ambalo naona ndilo walimu wangeanza nalo: wajua huhitaji kutimiza miaka 18 ili uliandikie Bunge? Kura, naam, itasubiri. Lakini kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, umri hakikuutaja. Sheria ya 2012 kuhusu maombi hayo inaruhusu ombi liandikwe kwa mkono, kwa Kiswahili, mradi lugha iwe ya adabu, na lieleze umeshabisha mlango gani, ukajibiwa nini, na kama jambo lenyewe liko mahakamani. Tatizo ni kwamba linatakiwa kuwa na nambari ya kitambulisho, ambacho mwanafunzi wa sekondari kwa kawaida hana. Mama au mwalimu atie sahihi pamoja nawe. Maneno yabaki yako.

Wajua, pia, kwamba taka za mtaani si kazi ya Nairobi? Katiba imezikabidhi kaunti, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti. Ukimpelekea mbunge, utazungushwa hadi muhula uishe.