Unabeba mtoi kwa baiskeli? Cheki hizi vitu kwanza

Wikendi unataka kuzungusha mtoi Karura na baiskeli? Poa sana, lakini usimkalishe tu kwa keria umwambie ashike kiuno. Mguu ukiingia kwa spoku, kisigino kinachanika kabla hujashika breki.

Kwanza, umri. Kama hajafikisha mwaka, mwache home. Shingo yake bado haijakomaa kubeba helmeti.

Pili, kiti. Cha nyuma mara nyingi hubeba hadi kilo 22, cha mbele kilo 15. Hakikisha kina mishipi ya mabega na kikinga miguu. Kama kinafungwa kwa keria, cheki imeandikwa inabeba kilo ngapi kabla utoe doh, na ujumlishe uzito wa kiti pia.

Tatu, helmeti. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isilale kisogoni. Ya mtumba achana nayo. Ikishagonga chini mara moja imeisha, hata kama huoni ufa.

Mwisho, funga pakiti 5 za unga za kilo 2 kwa hicho kiti uzunguke mtaa. Baiskeli ikiyumba, afadhali imwagike unga. Hiyo utanunua ingine.