D au N kwenye foleni? Hivi ndivyo gia boksi ya otomatiki inavyochakaa

Madereva wa gari za otomatiki wamegawanyika makundi mawili. Kuna wale ambao taa ikiwaka nyekundu tu, mkono uko kwenye gia: N. Na kuna wale wa D kuanzia getini mpaka ofisini. Kila kundi linaamini lile lingine linaua gia boksi.

Jibu fupi ni hili: ukisimama kidogo, acha D na ukanyage breki. Ukisimama muda mrefu, weka N au P na uvute hendibreki. Lakini ukijua sababu yake, utagundua kwamba yapo mazoea mengine yanayoumiza gia boksi kuliko huo ubishi wa D na N.

Suala lenyewe si dogo. Magari mengi madogo tunayonunua Tanzania na Kenya ni mtumba kutoka Japani, na mengi ni otomatiki: Vitz, IST, Passo, Premio, X-Trail na ndugu zao. Gari inakufikia ikiwa na miaka na kilomita zake mgongoni. Gia boksi ikifa, wengi wanaishia kutafuta nyingine ya mtumba ambayo nayo hawajui iliendeshwaje huko ilikotoka. Kwa anayetegemea gari kubeba abiria, hizo ni siku za kukaa bila kipato.

Ndani kuna nini?

Gari ya manyuo ina pedali ya klachi unayoikanyaga mwenyewe. Otomatiki haina pedali hiyo, lakini klachi zimo, tena zaidi ya moja. Kila klachi ni sahani nyembamba zilizopangwa kwa zamu: moja ya chuma tupu, inayofuata ina utando wa msuguano, kisha ya chuma tena. Zote zinaogelea kwenye oili.

Ukiweka D, oili inayosukumwa na pampu inazibana sahani hizo. Zikishikana, nguvu ya injini inakwenda kwenye matairi. Ukirudisha N, mgandamizo unaachia na sahani zinatengana.

Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta. Chukua feni mbili za mezani, zielekeze uso kwa uso, halafu washa moja tu. Upepo wake utaanza kuizungusha ya pili. Toki konveta inafanya kazi hivyo hivyo, ila badala ya upepo inatumia oili. Ndiyo maana gari inaweza kusimama kwenye D, mguu uko kwenye breki, na injini isizime.

Klachi inalika wakati gani?

Sahani zikiwa zimeshikana barabara, hazisuguani. Zikiwa zimeachana, karibu hazisuguani kabisa. Zinalika katika ule muda mfupi sana wa kutoka kuachana mpaka kushikana. Hapo moja inazunguka, nyingine haizunguki kwa kasi hiyo, na lazima ziteleze kidogo ndipo zikamatane.

Sasa piga hesabu. Tuseme unasimama mara 60 asubuhi na mara 60 jioni, na kila mara unaweka N halafu D. Hiyo ni mara 120 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni mara 3,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mara 36,000 ambazo klachi imeshika na kuachia bila gari kupata faida yoyote.

Je, hiyo peke yake itaua gia boksi? Kwa gari nzima yenye oili safi, hapana. Injini ikiwa kwenye silensa, nguvu inayopita ni ndogo, na klachi imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kwa gari yenye miaka mingi na oili iliyochoka, ni uchakavu wa bure unaoongezwa juu ya ule uliopo.

Vipi wale wanaosema D kwenye mataa inachemsha oili? Ni kweli oili inakorogwa ndani ya toki konveta, na joto linatokea. Ila kwenye silensa joto hilo ni dogo, na oili inapita kwenye kipozeo. Kwa dakika moja au mbili za taa nyekundu hakuna la kuogopa.

Ni kweli pia kwamba kwenye N injini inabeba mzigo mdogo kidogo na mafuta yanapungua kidogo. Kwa hiyo trafiki akizuia upande wenu na watu wakaanza kushuka kununua maji, weka N au P, vuta hendibreki, upumzishe mguu. Ila usifanye hivyo kila gari inaposogea hatua tatu na kusimama.

Haraka ya kuondoka kwenye N

Hapa ndipo watu wa N wanapoumia kweli. Taa inawaka kijani, wa nyuma anapiga honi, dereva anatupa gia kwenye D na kukanyaga mafuta papo hapo. Klachi haijamaliza kushikana, injini tayari imepanda mzunguko. Sahani zinateleza zikiwa zimebeba nguvu kubwa, na utando wake unaungua.

Mara moja kama hiyo ni mbaya kuliko mara nyingi za kubadilisha kwa utulivu. Ukitoka N kwenda D, shika breki, hesabu sekunde moja au mbili, sikia gari imejivuta kidogo, ndipo ukanyage mafuta.

Kutoka R kwenda D gari ikiwa bado inatembea

Hili liko sana kwenye maegesho. Dereva anarudi nyuma, na kabla gari haijasimama anaweka D. Gari inasita, inashtuka, halafu inaenda mbele. Wakati huo kazi ya kuisimamisha imefanywa na klachi za gia boksi badala ya breki. Pedi za breki zinabadilishwa gereji yoyote bila kushusha kitu. Kubadilisha klachi za ndani ya otomatiki, gia boksi inashushwa chini na kufunguliwa.

Kanuni ni moja: gari isimame kabisa ndipo ubadilishe kutoka R kwenda D, au kutoka D kwenda R. Hata P ni hivyo hivyo. P inafunga gia boksi kwa jino dogo la chuma, na ukiiweka gari ikitembea jino hilo linasagika. Ukiegesha mlimani, shika breki, vuta hendibreki kwanza, kisha weka P, ili uzito wa gari usibebwe na jino peke yake.

Mlimani, gia inapobadilika yenyewe kila mara

Gari ikiwa na mzigo, kwenye mlima kama Kitonga, utaisikia inapanda gia, inakosa nguvu, inashuka gia, kisha inapanda tena. Kila badiliko ni klachi moja kuachia na nyingine kushika, safari hii injini ikiwa inavuta kwa nguvu. Joto linapanda haraka.

Dawa ni kuisaidia. Zima O/D kama gari yako ina kitufe hicho, au weka 3, 2, S au L kulingana na kasi na mteremko. Gia itatulia na oili haitachemka ovyo. Wakati wa kushuka, gia hizo hizo zinaizuia gari isikimbie na zinaokoa breki.

Usishuke mlima kwenye N ukidhani unabana mafuta. Magari mengi ya kisasa yanakata mafuta kwenye injini ukiachia pedali huku gari ikiwa kwenye gia. Ukiweka N, injini inabidi ilishwe mafuta ili isizime, na gari haizuiwi na kitu zaidi ya breki.

Kuvutwa kwa kamba

Pampu ya oili ya otomatiki za kawaida inaendeshwa na injini. Gari ikiharibika ikavutwa injini ikiwa imezimwa, matairi yanazungusha vyuma vya ndani ya gia boksi bila oili kusukumwa. Safari ndefu ya namna hiyo inaweza kumaliza gia boksi iliyokuwa nzima. Iite gari ya kubeba, au matairi yanayoendeshwa na injini yainuliwe.

Oili ndiyo roho yake

Oili ya gia boksi ndiyo inabana klachi, inalainisha na inapoza. Ikiwa kazini, joto lake huwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Likipanda zaidi ya hapo kwa muda mrefu, oili inaungua, inapoteza nguvu ya kubana, klachi zinateleza, na kuteleza kunaleta joto jingine. Gia boksi nyingi hufa kwa mzunguko huo.

Usikubali kauli ya "oili ya gia boksi haibadilishwi". Angalia kitabu cha gari. Kwa foleni na joto letu, mafundi wengi hushauri kila kilomita 40,000 hadi 60,000.

Na usiweke oili yoyote ile. Toyota wana T-IV na WS kwa otomatiki za kawaida, na TC au FE kwa zile za CVT. Nissan za CVT zinatumia NS-2 au NS-3. CVT ina mkanda wa chuma unaobana kwenye puli mbili, na oili isiyo yake inaweza kuufanya mkanda uteleze na kukwaruza puli. Hata hivyo CVT nayo ina klachi ya kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo mambo ya N, D na R hapo juu yanaihusu vilevile.

Dalili za kumwona fundi mapema

- Ukiweka D au R, gari inachelewa kushika.
- Inashtuka au kugonga wakati wa kubadili gia.
- Injini inapanda mzunguko lakini mwendo hauongezeki.
- Inatetemeka ikiondoka taratibu.
- Oili imekuwa nyeusi au inanuka kuungua.

Ukiona moja kati ya hizo, anza kwa kupima oili: kiasi chake, rangi yake na kama ni ya aina inayotakiwa. Ukiwahi, huenda ikaishia kwenye galoni chache za oili na chujio. Ukiendelea kukanyaga, itakuwa ni habari ya gia boksi nzima.