KWENDA KAZINI NA KURUDI: SAA HIZI NI ZA NANI?

Msomaji mpenzi, hebu jiulize: mtu aliyeandikwa kazi ya saa nane kwa siku, kwa kweli yuko kazini saa ngapi? Kama akaa Mbagala au Gongo la Mboto, na kazi yake iko Posta, huamka kabla ya jogoo. Jioni afikapo nyumbani watoto wamekwisha kulala. Zile saa za njiani hakuna anayemlipa. Mwajiri hazihesabu, lakini jamaa wa nyumbani huzihesabu kila siku.

Wengine husema, "Dawa ni kununua motokaa." Je, ndivyo?

MOTOKAA MOJA, MTU MMOJA

Simama asubuhi kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, uangalie. Motokaa ya viti vitano, ndani yake bwana mmoja na mkoba wake. Nyuma yake nyingine vile vile. Sasa tazama basi refu la mwendokasi. Lachukua abiria zaidi ya mia, nalo urefu wake ni kama motokaa nne zilizofuatana. Basi nafasi ile ile yapitisha watu mia, au yapitisha watu wanne.

Tena kila lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya ukaa, na injini haiachi kunywa petroli kwa sababu gari limesimama kwenye foleni. Moshi ule twauvuta sote, mwenye motokaa na asiye nayo.

Serikali haikukaa bure. Oktoba 2012 treni ya abiria wa mjini ilianza kati ya Ubungo na Stesheni. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara, yakipita katika njia yao wenyewe, na mwaka 2018 mji ulipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Hata hivyo miaka iliyofuata abiria walilalamika sana kwa uchache wa mabasi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wengine nao wana sehemu yao.

MABWANA WA KAZI, SIKILIZENI

Katika ofisi nyingi, mkubwa hupewa motokaa, petroli na mahali pa kuiegesha. Yule afagiaye ofisi, ambaye mara nyingi ndiye akaaye mbali zaidi, hujilipia nauli mwenyewe. Akichelewa, hukaripiwa. Je, hiyo ni haki?

Kwingine wamelifikiria jambo hili. Ufaransa mwajiri hulipa nusu ya tiketi ya mwezi ya mfanyakazi asafiriye kwa basi au treni. California, huko Marekani, tangu 1992 iko sheria kwa baadhi ya waajiri: ukimlipia mfanyakazi mahali pa kuegesha, sharti pia umruhusu kuchukua fedha hizo mkononi, aache motokaa nyumbani.

Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Kampuni yaweza kukodi basi la wafanyakazi. Ikiwa kazi yaruhusu, wengine waingie saa moja na wengine saa tatu, wasigombanie basi moja. Kampuni yaweza kumkopesha mtu baisikeli, akakatwa kidogo kidogo katika mshahara, na kujenga banda lenye kufuli pamoja na bafu. Nani atapenda kufika mbele ya wateja shati limelowa jasho? Mambo haya gharama yake ni ndogo kuliko kumlipa mtu aliyekwisha choka kabla ya kuanza kazi.

NASI WAFANYAKAZI JE?

Wenye motokaa wanne wa mtaa mmoja, wafanyao kazi mahali pamoja, wachange petroli na kupokezana zamu. Motokaa tatu zitabaki nyumbani. Wakubaliane mapema saa ya kuondoka, maana chama cha namna hii huvunjwa na mtu mmoja mchelevu.

Ukipanda basi, shuka kabla ya kituo chako, ukamalizie kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 kila juma. Robo saa asubuhi na robo saa jioni, kwa siku 5, ndizo dakika 150 kamili, bila kununua dawa wala vifaa.

Mwenye baisikeli na aangalie breki zake, awe na taa usiku na nguo nyeupe. Hatumwambii mtu ajitie kati ya malori. Pasipo njia salama, basi ni bora.

Basi, ndugu msomaji, usingoje mkutano mkubwa. Jumatatu ijayo mwulize mwenzako wa meza ya pili akaa wapi na hupita njia gani. Kisha nendeni wawili kwa mkubwa wenu, mkamwulize kwa adabu juu ya lile banda la baisikeli au lile basi. Mmoja akiomba huonekana mlalamishi. Wakiomba ishirini, huitwa shauri la kazi.