Mama, Ijue Pikipiki Yako

Tunamfahamu mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye pikipiki yake ilikataa kuwaka. Fundi akamwambia: «Mashini imekufa, leta fedha ya mpya.» Kumbe buji tu ilikuwa imejaa masizi! Mtaji wa mwezi ulikuwa karibu kupotea bure.

Basi, akina mama, kabla ya kwenda kwa fundi tutazame wenyewe. Kwanza, je, esansi imo, na bomba lake limefunguliwa? Pili, mashini ikiisha kupoa, tufungue buji: yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima, iliyo nyeusi kwa masizi tuisugue kwa brashi, tuipanguse, kisha tujaribu tena. Tatu, mnyororo: ukisukumwa katikati kwa kidole, kwa kawaida hucheza sentimeta 2 au 3, ukilegea, mara nyingi hukazwa tu. Lakini moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya mafuta ya mashini kuungua ndani. Hapo fundi anahitajiwa kweli.

Tupatane bei kabla ya kazi, tena tudai kifaa cha zamani kilichotolewa. Fundi mwaminifu haoni haya kukionyesha.