Je, Wajua? Kasia na Ngoma, Kutoka Lamu hadi Baraka

Sherehe ya majini haihitaji bahari. Inahitaji maji, mitumbwi, ngoma na watu wenye hamu ya kukutana. Fizi, eneo la Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ina vyote.

Je, wajua kwamba Baraka, mji wa Fizi, umekaa kwenye ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari upande wa mashariki? Ramani huiita Ghuba ya Burton, kwa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Mlango wa ghuba unatazama kaskazini, kwa hiyo upepo mkali wa kusini, unaovuma wakati wa kiangazi, hukutana kwanza na milima ya Ubwari.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470? Duniani, ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi kwa kina.

Je, wajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wa ndagala, dagaa wa ziwa, hupumzika? Ndagala huvutwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi hushinda taa. Basi siku ambazo anga ni nyeupe na mitumbwi iko ufukoni ndizo siku za kushindana kasia na kupiga ngoma hadi usiku wa manane.

Je, wajua kwamba tamasha la utamaduni la Lamu, Kenya, huchanganya mashindano ya jahazi, kuogelea, mbio za punda, bao na mashairi? Wanaoshindana ni wenyeji.

Je, wajua kwamba koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi? Heshima ya ukoo mzima hutegemea mikono ya wapiga kasia wake.

Je, wajua kwamba Nyege Nyege, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2015, lilizaliwa Jinja, mji wa Uganda unaosifika kwa michezo ya maboti kwenye mawimbi ya Nile?

Je, wajua kwamba Goma, kando ya Ziwa Kivu, ilifanya tamasha lake la kwanza la Amani mwaka 2014? Katika mji uliochoshwa na vita, vijana walicheza na kuimba pamoja.

Je, wajua kwamba UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na rumba ya Kongo mwaka 2021? Mtumbwi ukitoka Baraka kuelekea kaskazini, unakwenda kwa Warundi, majirani wenye ngoma hizo. Rumba iko nyumbani tayari.

Je, wajua kwamba mwaka 2005 wakimbizi wa Kongo walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma, Tanzania, hadi Baraka? Wengi walikuwa wamelivuka ziwa hilohilo wakikimbia, watoto mgongoni.

Hapo ndipo penye maana ya sherehe. Mtoto wa Fizi anastahili kuyajua maji haya kwa mchezo: afundishwe kuogelea, avae jaketi la kuokolea, ashike kasia, na akifika ufukoni apokewe kwa wimbo.